Basi kuukuu na masika ya Pemba: waipa za upepo au za umeme?

Kabla hujamwita fundi, na kabla hujaagiza mota kutoka Unguja au Dar es Salaam, fanya jaribio moja uani kwako. Weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Washa injini, acha upepo ujae mtungini mpaka kompresa, ile pampu ya upepo, ikate yenyewe. Kwa mabasi mengi hapo geji husoma karibu na bar 8, bar ikiwa kipimo cha msukumo wa upepo. Zima injini. Mwambie utingo apande na ndoo amwagie maji kioo cha mbele bila kuacha, maana waipa haipitishwi juu ya kioo kikavu. Kisha fungua waipa, mwendo wa kasi kabisa, na macho yako yawe kwenye geji ya breki.

Sindano ikishuka moja kwa moja mpaka kengele ya upepo mdogo ikalia, mara nyingi karibu na bar 4, ujue waipa zinakunywa katika mtungi uleule wa breki na hakuna kinachozizuia. Sindano ikishuka kidogo kisha ikagoma, huku waipa zenyewe zikichoka na kusimama, basi ndani ya mabomba kuna valvu inayolinda breki, nayo imefanya kazi yake. Andika dakika ngapi zimepita. Jibu hilo ndilo litakalokusaidia kuchagua, kuliko maneno yote ya muuza spea.

Naanza na hili kwa sababu watu huuliza habari ya waipa kama vile ni habari ya starehe: zipi zinapiga kelele, zipi za kisasa. Kwenye basi la breki za upepo, ukigusa waipa umegusa breki. Mie nimelitunza basi la namna hiyo kwa miaka, la dizeli, volti 24, bodi yake imeundwa upya mara mbili, kioo cha mbele ni vipande viwili bapa na nguzo katikati. Siku za wiki linachukua watoto wa skuli. Siku nyingine harusi, maulidi na maziko, kutoka Chake Chake kwenda Mkoani, Wete na Konde. Nimezifufua waipa zake za upepo, nimezifunga za umeme, na nimekosea katika zote mbili. Nayaandika haya kwa mwenye basi kama langu.

Upepo umeingiaje kwenye waipa

Waipa ya Mary Anderson wa Alabama, iliyopata hataza Marekani mwaka 1903, ilikuwa ya kuvutwa kwa mkono kutoka ndani. Baadaye gari nyingi za petroli zikatumia mvuto wa hewa unaotokea pale injini inapovuta pumzi. Ubaya wake ni kuwa dereva akikanyaga mafuta kupanda mlima, mvuto unapungua na waipa inalegea. Injini ya dizeli haina mvuto huo wa kutegemea, lakini malori na mabasi makubwa tayari yalikuwa na kompresa kwa ajili ya breki. Upepo upo, umejaa mtungini, waundaji wakauchukua.

Ndani ya mota ya upepo hamna mambo mengi. Kuna kasha la chuma, pistoni au bapa lenye mipira pembezoni, na valvu ndogo ya kugeuza. Upepo unasukuma upande huu. Ukifika mwisho, valvu inageuka na upepo unasukuma upande wa pili. Kwa hivyo mhimili wenyewe unakwenda na kurudi, na mkono wa waipa umekazwa moja kwa moja juu yake. Koki ya dashibodi ni kama bomba la maji: ukifungua sana zinakwenda mbio, ukifungua kidogo zinakwenda taratibu.

Mota ya umeme haifanyi hivyo. Hiyo inazunguka upande mmoja tu, na ili ifute kioo lazima mzunguko ugeuzwe kuwa wa kwenda na kurudi. Katika baadhi ya mota, kazi hiyo imeshafanywa ndani ya kasha lake, na mhimili unaotoka nje unapepea kama ule wa upepo. Katika nyingine, na ndizo tunazozikuta kwenye malori, mhimili unazungusha krenki, yaani mkono mfupi uliokazwa juu yake, krenki inavuta fimbo, fimbo inatikisa mikono. Kumbuka tofauti hii, kwa sababu wengi wananunua mota nzuri, wanafika nayo gereji, ndipo wanapogundua kuwa inazunguka wakati basi lao linataka inayopepea.

Mlima, mvua na mtungi mmoja

Unguja, ukishatoka mjini kwenda kusini, njia ni tambarare. Dereva wa Makunduchi au Jambiani huenda mwendo mrefu bila kugusa breki. Pemba siyo hivyo. Kisiwa chetu ni vilima na mabonde, kinapata mvua nyingi kuliko Unguja, na mvua hiyo ya masika, tangu Machi mpaka Mei, haiji kwa adabu. Ukitoka Mkoani kupitia Mtambile kwenda Chake unapanda, unashuka, unakata kona, na kila mteremko una watu wanaokungoja chini yake na majani ya mgomba kichwani.

Hapo ndipo waipa na breki zinapogombea upepo. Sitatia chumvi: kompresa nzima, gari likiwa gia ndogo na injini inavuma, inajaza mtungi kuliko waipa zinavyoutumia. Ukishuka mlima kwa gia, kama inavyotakiwa, upepo unakutosha. Taabu huja injini ikiwa inapumua polepole. Umesimama kushusha watu, mlango nao unafunguliwa kwa upepo, unasogea hatua mbili unakanyaga breki, unasogea tena unakanyaga, mvua inapiga, waipa ziko kasi. Kompresa wakati huo inazunguka kivivu. Sindano inashuka mbele ya macho yako.

Sasa kuna mambo mawili, na yote mabaya. Valvu ya kulinda ikiwepo, inakunyima waipa. Isipokuwepo, waipa inakula breki. Kwenye basi langu ilikuwapo zamani, lakini mtu aliyelitengeneza kabla yangu aliitoa ilipoharibika akaunganisha bomba moja kwa moja. Sikujua hayo. Jioni moja ya mwezi wa Aprili, nimebeba watoto, nikaona waipa zinachelewa kurudi, kama mtu anayesinzia. Sikuitazama geji kwa sababu nilikuwa naitafuta barabara. Kengele ilipolia nilikuwa nimeshaanza kuteremka. Nililishusha kwa gia, nikalilaza kwenye majani pembeni, nikawaacha watoto ndani wakiimba qaswida mpaka mtungi ukajaa. Hakuna aliyeumia. Lakini usiku ule niliamua kwamba waipa ya upande wa dereva, kwenye basi lile, haitakunywa tena kutoka mtungi wa breki.

Kwa hiyo katika hili, ambalo kwangu ndilo kubwa, umeme unashinda waziwazi. Waipa ya umeme haijali umekanyaga breki mara ngapi. Mwendo wake ni uleule mlimani na bondeni.

Upepo nao una sifa zake, na si haki kuzificha. Mota ya upepo ikikwama, kwa mfano tawi limeangukia kioo au mpira umenata, inasimama tu ikasubiri. Ukiondoa kizuizi inaendelea. Mota ya umeme ikikwama inaendelea kuvuta umeme, inapata moto, na kama haina kinga ya joto wala fyuzi ya kipimo chake, inaungua. Tena ukiishiwa na betri, au altaneta inayoichaji ikafa njiani, waipa za upepo zinaendelea madhali injini inanguruma. Nimewahi kurudi kutoka Konde hivyo, mchana, betri haiwezi hata kuwasha honi, na waipa zinafuta.

Kelele sitaizungumza sana. Ule mlio wa upepo, tss-tss, unachosha, lakini haujamuua mtu.

Hesabu mapigo

Tuko sawa hapa kwa wote, wa upepo na wa umeme. Lowesha kioo, shika saa, hesabu kwenda na kurudi kuwa pigo moja. Kanuni ya Marekani ya waipa, ile namba 104, inataka mwendo wa kasi usipungue mapigo 45 kwa dakika, wa polepole usipungue 20, na miendo miwili ipishane kwa mapigo 15 au zaidi. Hatuko Marekani, lakini mvua ni mvua, na namba 45 naiona ni kipimo kizuri cha dereva yeyote. Waipa zangu za upepo, kabla sijazifungua, zilikuwa zinapiga 30 mtungi ukiwa umejaa. Baada ya kuzisafisha zikafika 50. Mota ya umeme hupewa miendo miwili iliyopimwa kiwandani, na ukiongeza relei ya kusitasita, swichi inayojiwasha na kujizima kwa umeme, inapiga pigo moja kila baada ya sekunde kadhaa, jambo ambalo kwa manyunyu ya vuli linapumzisha macho. Koki ya upepo ukiibana kwa kutaka mwendo huo, mara nyingi mota inagoma katikati ya kioo, mbele ya uso wako.

Na hilo la kusimama: ya umeme ukiizima hurudi yenyewe chini na kulala, kwa sababu ndani yake mna kisahani kinachoendelea kuipa umeme mpaka ifike mahali pake. Ya upepo mara nyingi husimama popote upepo ulipokatika. Dereva huizoea, abiria hawaizoei.

Kuzifufua za upepo

Kabla ya yote nilikwenda Machomanne kwa fundi mzee ambaye malori ya karafuu ya zamani yote yamepita mikononi mwake. Nikamsalimu, nikamwambia:

“Ami, nataka kuzitoa hizi zote, nitie za umeme.”

“Kabla hujatoa, mwanangu, nifungulie koki ya mtungi, chini kule, nione maji yanayotoka.”

Yalitoka mengi, ya rangi ya chai ya rangi, na utando mweusi juu yake. Akachovya kidole, akanusa.

“Haya maji ndiyo yameua waipa. Na huu weusi ni oili, kompresa yako inaanza kupitisha. Ukitia umeme waipa zitapona, ila hii itabaki pale pale.”

Alisema kweli. Hewa ya kisiwani imejaa unyevu. Ikibanwa, unyevu unageuka maji na kukaa chini ya mtungi. Usipoyamwaga kila siku, yanasafiri na upepo mpaka kwenye mota ya waipa, yanakula chuma na kuosha grisi. Kiangazi kikija, basi halitumii waipa miezi miwili, mpira ndani unakauka na kunata. Masika ikianza unafungua koki, unasikia upepo unatoka lakini mkono hausogei. Watu wengi wakifika hapo wanasema mota imekufa. Mara nyingi haijafa.

Kazi yenyewe ni ya siku moja. Fungua kasha, panga vipande kwenye gazeti kwa mpangilio ulivyovitoa. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, usitumie petroli maana inavimbisha mipira. Kausha vizuri. Mipira ya duara huweza kupatikana kwa kipimo kwenye maduka ya spea. Ile yenye umbo lake la pekee ndiyo taabu, na kwa basi la zamani huenda ukangoja meli kutoka mbali. Wapo mafundi wanaokata kikombe cha ngozi kama kile cha pampu ya baiskeli, wakakiloweka mafuta, na kinashika. Mimi kimenipitisha masika moja. Paka grisi ya silikoni, isiyokula mpira. Badilisha mabomba yote madogo, usiyahurumie. Mwisho washa upepo na upake povu la sabuni kila kiungo, hasa nyuma ya koki ya dashibodi, na popote povu linapovimba pana tundu.

Gharama ya haya ni ndogo kuliko njia zote. Na kama jaribio la uani limekuonesha kwamba valvu ya kulinda ipo na inafanya kazi, njia zako ni tambarare, na basi hutembea mara moja moja, nakushauri ubaki na upepo wako. Usiseme kwamba ni wa kizamani. Ikiwa valvu haipo, basi valvu ndiyo spea ya kwanza kununua, hata kabla ya kufikiria umeme, kwa sababu mlango na honi za upepo nazo zinakunywa hapo hapo.

Umeme: mota mbili au moja na fimbo

Ukishaamua umeme, kuna njia mbili, na bei zake zimeachana mbali.

Njia ya mota mbili zinazopepea ndiyo safi. Unatoa ile ya upepo, unatia ya umeme kwenye tundu lile lile, kila mota na kioo chake. Ubora wake mkubwa ni kwamba moja ikifa ya pili inabaki. Ubaya: ni ghali, hazipatikani madukani kwetu, huagizwa, na ukikosea kipimo hakuna wa kukubadilishia. Kwa hivyo pima kabla. Chora kwa sabuni juu ya kioo pale mkono unapoanzia na unapoishia, kata boksi kwa umbo hilo, pima nyuzi za pembe yake. Mota huuzwa za nyuzi 90, 100, 110 na kadhalika. Pima unene wa mhimili na urefu unaotoka nje ya bodi. Tengeneza mota ya boksi, ya ukubwa ulioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji, uijaribu nyuma ya bati, maana mota ya umeme ni nene kuliko ya upepo na mara nyingi inagonga bomba au nguzo. Mikono ya zamani huenda isiingie kwenye meno ya mhimili mpya. Andaa vichwa vipya. Na kwa vile mota mbili haziendi pamoja, moja itatangulia nyingine. Kwenye vioo viwili vyenye nguzo katikati hiyo si neno, lakini kwenye kioo kimoja kipana hakikisha mikono haikutani.

Njia ya mota moja na fimbo ndiyo ya kwetu. Mota ya lori la Isuzu au Fuso la volti 24 inapatikana kwenye gari zilizokatwa, na fundi wa kuchomea anaweza kuunda yaliyobaki. Usikubali mota ya Hiace kwa sababu ni rahisi. Hiyo ni ya volti 12. Mie niliuziwa moja kama hiyo katika gereji moja, nikaambiwa “inaingia”. Iliingia. Ilikwenda mbio kama feni kwa dakika chache, kisha ukatoka moshi.

Kwenye njia hii mafundi hukosea zaidi kwenye urefu wa krenki. Kuna hesabu, na si ngumu. Ukitaka mkono ufute nyuzi 90, urefu wa krenki uwe 0.707 ya urefu wa kishikio, kile kipande kilicho kwenye mhimili wa waipa kinachovutwa na fimbo. Kishikio kikiwa na milimita 60, krenki iwe takriban milimita 42. Ukitaka nyuzi 100, kwa kishikio hichohicho, krenki ni milimita 46. Ukiifanya krenki ilingane na kishikio, mkono utataka kufuta nyuzi 180, utafika mwisho usijue urudi upande gani, na kitu kitavunjika. Fundi wangu wa kwanza alikadiria kwa jicho; waipa ikawa inagonga nguzo ya katikati kila pigo. Tulichomoa, tukakata, tukachomea tena. Siku mbili zimepotea kwa milimita chache.

Fimbo nazo zinataka bushi nzuri kwenye viungo, la sivyo baada ya msimu mmoja zinapiga kelele na mikono inachezacheza. Na ujue kwamba mota moja ikifa, vioo vyote viwili vimekwisha. Kwa basi la mwendo mfupi mjini ni sawa. Kwa basi linalorudi usiku kutoka Konde na watoto, mimi sikuipenda.

Waya na chumvi

Wenye mabasi wengi wanazungumza mota tu. Kumbe umeme wa basi la zamani unafia kwenye waya. Chukua mfano wa mota mbili za wati 120 kila moja. Kwa volti 24 zinavuta ampia 10 kwa pamoja. Kwa volti 12 zingevuta 20. Basi lenye betri nyuma linahitaji waya kama mita 10 kwenda na mita 10 kurudi. Ukitumia waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, unapoteza njiani karibu volti 2.4, na mota inapokea pungufu kwa asilimia 10. Ukitumia wa 2.5 unapoteza volti 1.5. Wa 4, chini ya volti moja. Tofauti ya bei ya waya ni ndogo mno ukilinganisha na mota, nami siku zote nachukua wa 4. Kwa basi la volti 12 upotevu ni mara mbili, kutoka kwenye volti zilizo nusu, kwa hiyo huko waya mnene ni lazima kabisa.

Waya wa kurudi usiutegemee mwili wa gari. Bodi zetu ni mbao, bati na kutu, na chumvi ya bahari inafika kila mahali, iwe kusi au kaskazi. Kaza waya wa ardhi kutoka kwenye mota mpaka kwenye chesesi, mahali palipokwanguliwa pakawa peupe, paka grisi juu ya bolti. Ukichubua waya mkongwe wa basi la Pemba utakuta shaba imeota ukijani ndani ya mpira. Hapo usiunganishe, vuta mpya. Kila mota iwe na fyuzi yake, ampia 10 inatosha kwa mota ya wati 120 kwenye volti 24. Swichi isibebe mzigo wote yenyewe, ipe relei.

Na altaneta? Fanya hesabu kabla. Taa mbili za mbele zinakula kama wati 150, waipa 240, ongeza taa za nyuma, za ndani na feni ya dereva. Altaneta nzima haitaona uzito. Lakini basi lenye dainamo ya zamani, likisimama injini ikipumua, halichaji kitu. Usiku wa mvua litakuwa linakula betri. Basi la namna hiyo libaki na upepo mpaka libadilishwe altaneta kwanza. Na chumvi hiyo hiyo inayokula waya haina njaa sana na mabomba ya nailoni ya upepo, ndiyo maana basi linalolala ufukweni mwaka mzima huwa na waipa za upepo zinazofanya kazi na taa zisizowaka.

Nilichofanya mimi

Mwishowe nilifunga mota moja mpya ya umeme, ya kupepea, upande wa kulia, kwa dereva. Upande wa utingo nimeuacha na upepo, umefufuliwa, umewekewa valvu ya kulinda ambayo inakata waipa, mlango na honi kabla breki hazijaguswa. Fundi mzee hakupenda mwanzoni; alisema gari halivai kiatu na ndara. Nikamwambia, “Ami, umeme ukifa nina upepo, upepo ukifa nina umeme.” Alinyamaza, akachukua spana.

Njia hii inafaa ukiwa na vioo viwili vilivyotengana, kwa sababu mapigo hayalingani. Inapunguza gharama nusu ukilinganisha na mota mbili mpya. Na inakupa muda: masika moja ikipita na mota ya dereva haijakusumbua, unaagiza ya pili kwa kipimo ambacho tayari unakijua.

Ukiwa na kioo kimoja kipana, na unakwenda njia za vilima, tia mbili za umeme. Ukiwa na fedha kidogo na njia za mjini, mota ya lori na fimbo, ila hesabu ya krenki uifanye kabla ya moto wa kuchomea kuwashwa. Ukiwa Unguja njia tambarare na valvu yako nzima, osha mipira, mwaga maji ya mtungi kila asubuhi, uendelee.

Jambo la mwisho ni lile bomba la upepo linalobaki baada ya mota kutolewa. Nimeona likikunjwa na kufungwa kwa waya wa kuku. Linavuja polepole, hulisikii kwa sababu ya injini, na linanyonya mtungi wa breki usiku kucha. Lifuatilie mpaka lilikoanzia, kwenye mtungi au kwenye kigawanyio, ulifunge kwa kizibo cha shaba chenye meno, paka povu la sabuni. Kisha rudia lile jaribio la uani: jaza, zima, andika sindano iko wapi, kalale. Asubuhi kabla ya kuwasha injini, panda uisome tena.